Kura ya Vitanda

Kaliua, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, na shikamoo. Naandika nikiamini umeamka vizuri, goti limetulia, na ukungu wa Lupembe haujakuzuia kwenda shambani. Najua barua hii utaisoma mwenyewe kwanza kwa miwani yako, halafu utamwita kaka Amani aisome tena kwa sauti, ili uhakikishe kwamba wote wawili mmesoma mambo yale yale. Basi kaka, na wewe shikamoo, na usiruke mistari.

Chai mwaka huu imekuwaje? Na wifi yangu, ameanza kupata usingizi, au mtoto bado anageuza usiku kuwa mchana? Nilifurahi kusikia kwamba amefanana na marehemu baba kwenye paji la uso. Mpakateni kwa niaba yangu.

Mimi ni mzima. Tangu mvua zianze sijaugua malaria, na lile joto la mwezi wa kumi lililokuwa linatufanya tufundishe tumesimama mlangoni limepungua. Sweta ulilonifumia nimelikunja nalitumia kama mto, ila usikasirike, mwezi wa saba asubuhi hapa kuna baridi ya kweli na nitalivaa. Nimezoea michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, ambavyo wenyeji huvipika pamoja na karanga. Msimu huu uyoga ni mwingi. Kina mama huuza kwenye mabeseni kando ya reli, na mimi nimejifunza kusubiri treni ya Mpanda ipite kwanza, maana hapo ndipo bei inaposhuka.

Sasa nije kwenye swali lako. Siku ile ulipopiga, simu ilipokelewa na mtoto wa kike, akakuamkia kwa adabu, akakwambia mwalimu yuko kisimani, kisha mtandao ukakatika. Uliponipata tena ukaniuliza ni nani yule, nikakujibu kwa kifupi kwamba ni mwanafunzi wangu anaishi na mimi, nikasikia ukimya wako. Ukimya wako ninaujua, mama. Habari ya mtoto huyu ni ndefu, haifai kusemwa kwenye simu inayokatikakatika. Mwalimu mwenzangu wa Kemia anasafiri kwenda Makambako kwenye harusi ya dada yake, na ameahidi kumkabidhi Amani barua hii pale stendi. Kwa hiyo nimepata nafasi ya kukueleza yote.

Jina lake ni Kalunde. Yuko kidato cha nne, darasa langu la Hesabu. Ni mtoto mwembamba, mpole, mwenye kawaida ya kukaa kimya mpaka unasahau kwamba yupo.

Shule yetu, kama nilivyowahi kukwambia, ni ya kata. Iko nje ya Kaliua, kando ya barabara ambayo wazee wanasema wapagazi wa misafara waliipita zamani kwenda Ujiji. Siku hizi wanaoipita na mizigo kichwani ni wanafunzi, maana vijiji vimetawanyika. Vingine vimefuata reli, vingine viko upande wa msituni kwenye mashamba ya tumbaku. Wasichana wa mbali walikuwa wanapanga mageto, vyumba vya kukodi ambamo wanaishi bila mtu mzima, wanajipikia wenyewe, na mtu yeyote anaweza kugonga mlango. Kila mwaka tulikuwa tunawapoteza baadhi yao, wanarudi kwao na ujauzito na masomo yanaishia hapo. Ndiyo maana wazazi walifyatua matofali, serikali ikaleta mabati na vitanda, tukapata hosteli ya wasichana. Furaha ilikuwa kubwa mpaka tulipolinganisha vitanda na maombi. Walioomba walikuwa karibu mara mbili ya vitanda.

Wazazi wa upande wa reli walisema watoto wao wanavuka mto unaofurika. Wa msituni wakasema wa kwao wanapita porini penye fisi. Hakuna aliyekubali kwamba njia ya mtoto wake ni nafuu. Mwisho mkutano wa wazazi ukaamua ipigwe kura, na kila mtu akaona hilo ni jambo la haki.

Aliyeiendesha ni mkuu wa shule wetu, Mwalimu Mrisho. Ni mtu wa Tabora mjini, mtoto wa fundi seremala, mkali kwa wanaochelewa na mkali zaidi kwa nafsi yake. Aliandika majina mbele ya wote, akianza na vijiji vya reli na kumalizia na vya msituni. Akavikunja vikaratasi, akavitumbukiza kimoja kimoja kwenye ndoo ya plastiki, akaitikisa, akaanza kuchomoa. Kalunde alipata kitanda. Wasichana wengi wa msituni walipata. Wa upande wa reli walipata wachache mno, kiasi kwamba kabla hajamaliza kusoma watu walishaanza kunong'ona.

Kuna mzee anaitwa Shija, mfugaji wa upande wa reli. Binti yake Nyamizi anakaa dawati moja na Kalunde, na yeye alikosa. Mzee Shija alisimama akasema kwamba macho anayo, na kwamba ndoo ile ilikuwa inajua majibu kabla ya kutikiswa. Mwingine akauliza kama mkuu ana shamba la tumbaku huko msituni. Mkuu alikusanya vikaratasi vilivyobaki. Aliweka kifuniko cha ndoo, akafunga mkutano.

Baada ya hapo mambo yakaharibika, mama. Vijiji vya reli vikaacha kuleta mahindi na maharage ya chakula cha mchana cha wanafunzi. Wasichana kadhaa wakaacha kuja. Nyamizi akapangiwa geto nyuma ya kilabu cha pombe, na asubuhi akawa anakuja darasani macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mkuu naye akaacha kunywa chai na sisi ofisini. Alikuwa anapita tu, anasalimia, anaingia ofisini kwake na kufunga mlango.

Hali ikiwa hivyo, ndipo nikafika kwenye mada ya uwezekano.

Nikueleze kidogo. Uwezekano ni hesabu ya mambo ambayo hayajatokea, kwamba yana nafasi kiasi gani ya kutokea. Wewe umeifanya miaka yote. Unajua kwamba ukimwekea mayai yule kuku wako mwekundu, mengi yataanguliwa, na ukimwekea yule wa kijivu, nusu yataoza. Hukuota hilo, umelitazama mwaka baada ya mwaka. Sisi tunasema huo ni uwezekano unaotokana na majaribio. Kuna namna nyingine ya kukaa na kufikiri tu, kwamba sarafu ina pande mbili, kwa hiyo kila upande una nusu. Kitabu kinaanza na hiyo, tena kwa Kiingereza, na wanafunzi wanaikariri kama tulivyokuwa tunakariri majibu ya kipaimara.

Nikawauliza, nani kati yenu amewahi kuirusha sarafu akaona kama ni kweli nusu? Hakuna. Basi nikagawa sarafu, kila dawati moja, nikawaambia warushe na waandike. Darasa likawa kama soko. Dawati la mbele likapata upande wa kichwa mfululizo mpaka kijana mmoja akasema sarafu yao imelogwa. Dawati la nyuma likapata kinyume chake. Wakabishana nani kakosea. Nikawaambia hakuna aliyekosea, tujumlishe. Tulipokusanya matokeo ya madawati yote ubaoni, pande mbili zikakaribiana kabisa. Wakatulia wakiutazama ubao. Nikiona macho yamekufa huwa nahamia kwenye Kiswahili, lakini siku hiyo hata sikukumbuka ni lugha gani niliyokuwa naitumia.

Kesho yake nikaja na visoda, vile vizibo vya chupa za soda nilivyookota nje ya duka. Nikawauliza kisoda kikirushwa kitalala vipi. Wakajibu kwa sauti moja kwamba kina pande mbili, basi ni nusu kwa nusu. Wakarusha. Visoda vikawa vinapenda kulala mdomo ukiwa juu, na kadiri walivyorusha ndivyo ilivyozidi kuonekana. Walikasirika kidogo, kama watu waliouziwa kitu kibovu. Nikawaambia kwamba sarafu unaweza kuijua kwa kufikiri, lakini kisoda huwezi kukijua mpaka ukirushe, tena mara nyingi.

Hapo ndipo Kalunde akanyoosha mkono. Alisimama, akashika ukingo wa dawati, akauliza, "Mwalimu, na vile vikaratasi vya kwenye ndoo, tunavijua kwa kufikiri tu, au mpaka tuvijaribu?"

Darasa zima likageuka kumtazama. Nyamizi, pembeni yake, aliinamisha uso. Kila mmoja alijua ni ndoo gani, na kila mmoja alijua kwamba Kalunde ana kitanda. Angetaka, angekaa kimya na kulala usingizi wake. Nikamwambia ni swali zuri na kwamba nitamjibu kesho. Ukweli ni kwamba nilihitaji muda wa kupumua.

Nilienda kwa mkuu saa ya mapumziko. Wazazi kupiga kelele ni jambo moja. Mwalimu wako kukupima kwa kutumia wanafunzi wako mwenyewe ni jambo jingine, na mimi bado ni mgeni hapa. Nilimweleza yote. Aliniuliza nani ameuliza, nikamtajia. Aliniuliza kama ana kitanda, nikasema anacho. Akageuka akatazama nje kwenye hosteli.

"Fanyeni," akasema. "Ila mfanye kama nilivyofanya mimi. Msiongeze, msipunguze."

Kisha akainuka, akaenda stoo, akaniletea ndoo yenyewe.

Hakuishia hapo. Alikuja darasani, akawaonyesha alivyokunja vikaratasi, alivyovitumbukiza, na alivyotikisa. Badala ya majina tuliandika namba. Nusu ya kwanza tukaita reli, nusu ya pili msitu. Kundi moja lilitumia ndoo yake, mengine yakatumia ndoo za kunawia mikono. Wanachomoa vikaratasi kwa idadi ya vitanda, wanachora mistari ubaoni, wanarudisha vyote kwa mpangilio ule ule, wanaanza upya. Tulitumia vipindi vya juma zima. Nilikuwa natoka na chaki mpaka kwenye nyusi.

Mwanzoni kila kundi lilipata lake, na wapo waliotaka tuamue siku ya kwanza. Niliwakumbusha sarafu, wakaendelea. Juma lilipofika katikati hakuna aliyebisha tena. Mistari ya reli ilibaki mifupi, ya msitu ikawa inatafuta nafasi ukingoni mwa ubao. Nikawauliza kwa nini, nikakataa kuwasaidia. Aliyegundua ni Nyamizi. Aliinamia ndoo kabla mtu hajachomoa, akaita wenzake watazame. Vikaratasi vilivyotangulia vilikuwa vimebanana chini, na kutikisa kule kwa upole hakuvipandishi. Vilivyoingia mwisho vilikuwa juu vinasubiri mkono.

Tukatafuta njia nyingine. Tukaandika namba ndani ya visoda, tukavitia kwenye kiroba, tukafunga mdomo, watu kadhaa wakakigeuza na kukipindua kwa zamu. Tukachomoa, tukarudia, tukarudia tena. Safari hii reli na msitu vikawa vinakwenda pamoja.

Mkuu alikuwa amesimama nyuma ya darasa, mikono mgongoni. Alisogea mpaka kwenye ubao, akausoma kama mtu anayesoma tangazo la kifo. "Kwa hiyo sikuiba," akasema. Akaweka kidole kwenye mistari ya reli. "Lakini sikutenda haki."

Wanafunzi hawakujua watazame wapi. Na mimi pia.

Aliitisha mkutano wa wazazi juma lililofuata. Kabla ya siku hiyo, baba yake Kalunde alikuja shuleni kuniona. Anaitwa Mzee Elia, mkulima wa tumbaku na mwimbaji wa sauti ya nne kwenye kwaya ya Moravian. Hakupaza sauti. Aliniuliza kama kufundisha maana yake ni kumnyang'anya mtoto alichokwisha kukipata. Nikamwambia swali lilikuwa la binti yake mwenyewe. Akasema anajua, binti amemweleza kila kitu, na hilo ndilo linalomuuma, maana angekuwa ametumwa na mtu, yeye kama baba angejua amkasirikie nani.

Mkutano ulijaa kuliko wa kwanza. Watu walitegemea mkuu ajitetee, lakini alisema maneno machache tu kwamba kura aliyoiendesha haikuwa sawa na kwamba wanafunzi wataeleza. Kalunde akasimama. Sauti yake ilianza ndogo, nikaogopa, kisha ikapata nguvu. Aliposema kwa Kiswahili na bibi kadhaa wakaonyesha hawajaelewa, Nyamizi alirudia kwa Kinyamwezi. Walisimama hivyo wawili, mwenye kitanda na asiye na kitanda, wakisaidiana kueleza jambo moja.

Mzee Shija akasema hayo yote wamefundishwa. Alisema mwalimu akitaka, mtoto atasema hata jua ni jeupe kama maziwa.

Kalunde hakubishana naye. Alitumbukiza vikaratasi vya namba kwenye ndoo, reli kwanza na msitu mwisho kama siku ile, akaipeleka kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akamwambia, "Baba, tikisa wewe."

Mzee akatazama ndoo, akatazama watu. Akaitikisa kama mtu yeyote anavyotikisa ndoo, akaanza kuchomoa, na watu wakawa wanapokea namba kwa sauti. Msitu. Msitu. Reli. Msitu. Msitu. Mwanzo kulikuwa na vicheko, baadaye vikaisha. Aliendelea mpaka idadi ya vitanda ikatimia, kwa sababu ni mtu asiyependa kuacha kazi njiani. Alipomaliza aliutazama mkono wake.

"Mkono wangu mwenyewe," akasema, "umewapa watu wa msituni."

Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa mkuu, akampa mkono huo huo, akasema mbele ya wote kwamba alimwita mwizi na sasa anaomba radhi. Mwalimu Mrisho aliupokea kwa mikono yote miwili. Mama, nimeshuhudia watu wakisameheana kanisani mara nyingi, lakini nilikuwa sijawahi kuona ikifanyika kwa sababu ya ndoo.

Kupiga kura upya hakukuwa rahisi. Wazazi wa msituni walisema, na walikuwa na hoja, kwamba watoto wao walishahamia na hawakumkosea mtu. Walibishana mpaka vivuli vikarefuka. Aliyemaliza ubishi ni Mzee Elia, ambaye sikumtegemea. Alisema kitanda alichopata mwanawe alikipokea kwa furaha, lakini tangu aione ndoo ile hawezi tena kukitazama. Basi wakakubali. Wanawake wawili wa reli na wawili wa msituni wakakigeuza kiroba mpaka wakatoka jasho, na mtoto mdogo wa darasa la kwanza akachomoa visoda.

Nyamizi alipata. Wa reli na wa msituni wakawa wanatoka kwa kuchanganyikana, na watu wakawa wanapiga makofi kwa kila namba hata isiyo ya kwao. Nami nilikuwa nasikiliza namba moja tu. Kisoda cha mwisho kikatoka, na cha Kalunde kikabaki ndani ya kiroba.

Alipiga makofi pamoja na wengine. Kisha akaenda hosteli akakunja godoro lake. Nyamizi alilia kuliko yeye, akamsaidia kubeba sanduku. Mzee Elia alifunga vitu kwenye baiskeli, na wakaondoka wakitembea pembeni yake, baba upande huu na binti upande ule.

Siku hiyo watu wengi walinipongeza, mama, na mimi sikuonja chakula. Nilikuwa nimefundisha vizuri, kila kitu kilikuwa sawa, na mtoto aliyeuliza swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa alikuwa anarudi kwao kupitia porini.

Jumamosi nilipanda bodaboda mpaka kijijini kwao. Niliwakuta uani, Mzee Elia anapanga majani ya tumbaku na mkewe anabangua karanga. Niliwasalimia kwa Kinyamwezi changu, wakacheka, maana ulimi wa Kibena haujifichi. Nikawaambia nina chumba cha pili ambacho naweka mkaa na ndoo, na kwamba naomba Kalunde aje akae nami mpaka amalize mtihani wa kidato cha nne.

Mzee Elia hakuinua macho kwenye majani yake. "Mtoto amepoteza kitanda kwa kuuliza," akasema. "Kesho akitaka kujua kama aendelee kuuliza, nimjibu nini?"

Nilivuta kigoda nikakaa karibu na majani yake. Nilisema ninachojua ni kwamba sitaki aache. Aliyejibu ni mke wake, bila kuacha kubangua. Alisema mumewe amwambie mtoto aendelee kuuliza, ila aulize akiwa amekula na ana pa kulala. Mzee akacheka kidogo kwa pua, na mambo yakaishia hapo. Siku mbili baadaye alifika kwangu na kitanda cha kamba alichokitengeneza mwenyewe, na asali kwenye kopo kubwa. Nimekuwekea kiasi kwenye chupa, mwenzangu ataileta pamoja na barua, kama haitamwagika kwenye basi.

Najua utakachouliza, kwa sababu wewe ndiye uliyetufundisha kugawana kiazi kimoja kwa kisu. Utauliza, na wale wengine waliokosa? Hilo nimelifikiria sana. Nina chumba kimoja cha ziada, na sikukipigia kura. Nilimchagua Kalunde kwa sababu moyo wangu ulimtaka yeye, na siwezi kusema hiyo nayo ilikuwa haki. Nilimwambia mkuu, na siku chache baadaye nikasikia kwamba yeye na mkewe wamechukua wasichana wawili nyumbani kwao, na katekista akamchukua mmoja. Mahindi ya watu wa reli yamerudi, na sasa pande zote mbili zinafyatua matofali ya chumba kingine na kutaniana nani tofali lake linapasuka. Bado wapo wanaotembea. Asubuhi nikiwaona wanafika sketi zimelowa umande, najua kazi haijakwisha.

Kwa hiyo huyo ndiye aliyepokea simu yangu. Anaamka kabla yangu, anafagia huku anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini, na amenifundisha kutofautisha uyoga wa kula na ule wa kuacha, jambo ambalo kwa kweli sikutaka kulijua kwa majaribio. Nimemweleza kwamba kwetu asubuhi ukipumua unaona pumzi yako. Haamini. Anasema mpaka aone. Mtihani ukiisha, na wazazi wake wakiruhusu, natamani nije naye Krismasi. Nakuomba, mama, unijibu kwa barua, hata fupi, uniambie moyo wako umelipokeaje jambo hili.

Mfikishie salamu shangazi wa Makambako, na umwambie mguu wake nauombea. Msalimie mjomba fundi cherehani, na mchungaji wetu, na bibi jirani anayekuletea kuni. Mdogo wangu aliyeko kidato cha pili mwambie asikariri, arushe sarafu. Wifi nitamwandikia peke yake.

Nilitaka kuendelea lakini Nyamizi amefika kutoka hosteli na vitabu vyake, na yeye na Kalunde wameichukua meza. Wanabishana juu ya swali la tatu, kila mmoja ana jibu lake, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi. Nimehamia kwenye kigoda kizingitini, naandika barua yako juu ya mapaja, ndiyo maana mistari hii ya mwisho imepinda.

Ni mimi binti yako ninayekupenda,

Upendo